Matiti Baada ya Kunyonyesha: Jinsi ya Kuamua Kati ya Vipandikizi na Kuinuliwa

Mama akishamwachisha mtoto ziwa, mara nyingi hubaki na matiti asiyoyatambua. Juu pamekuwa bapa, chini pamelegea, chuchu imeshuka, na pengine titi moja limekuwa dogo kuliko mwenzake. Huo si ugonjwa, na wengi huendelea na maisha yao bila shida yoyote. Lakini kama jambo hili linakukera kiasi cha kuanza kufikiria upasuaji, unastahili maelezo ya kweli. Matangazo ya kwenye simu huviweka vipandikizi na kuinua matiti kwenye orodha moja ya bei, utadhani ni huduma ileile ya aina mbili. Vipandikizi, yaani mifuko yenye silikoni au maji ya chumvi inayowekwa ndani ya titi, huongeza ujazo. Kuinua huondoa ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu. Ukiweka kimoja mahali palipohitaji kingine, utatoka na makovu, pochi tupu, na titi ambalo bado halikufurahishi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "nataka ukubwa gani?" Jiulize nini hasa kimepotea: ujazo, mahali pa chuchu, au vyote viwili.

Kwanza, usimnyime mtoto maziwa kwa ajili ya umbo

Nalisema hili mapema kwa sababu wapo akina mama wanaomkatiza mtoto maziwa wakidhani wanayaokoa matiti yao. Mwaka 2008 madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, wakiongozwa na Brian Rinker, walichapisha utafiti uliohusu wanawake 93 waliowahi kushika mimba. Walitafuta tofauti kati ya walionyonyesha na wasionyonyesha, na kunyonyesha hakukuonekana kuwa sababu ya matiti kulala. Kilichohusika ni umri, idadi ya mimba, uzito mkubwa, matiti kuwa makubwa tangu kabla ya mimba, na kuvuta sigara.

Mimba ndiyo inayokuza tezi za maziwa na kuivuta ngozi pamoja na nyuzi za ndani zinazolishikilia titi, mtoto anyonye au apewe maziwa ya kopo. Basi kama bado unanyonyesha, endelea. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha maziwa pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Upasuaji utakusubiri.

Hatua ya 1: Subiri maziwa yakauke na mwili utulie

Mtoto akiacha kunyonya, tezi husinyaa taratibu na umbo la titi huendelea kubadilika kwa miezi kadhaa. Madaktari wengi hutaka ipite miezi 3 hadi 6 tangu maziwa yakauke. Mimi nakushauri uchukue 6. Titi unaloliona wiki ya tatu baada ya kumwachisha mtoto silo utakaloliona nusu mwaka baadaye. Mafuta hurudi kidogo, ngozi hujikusanya kidogo, na kuna wanaojikuta hawana tena haja ya upasuaji.

Uzito nao uwe umetulia. Kama unapanga kupungua kilo 10, pungua kwanza, kwa sababu mafuta ya kwenye titi yataondoka pamoja na hizo kilo na kazi ya daktari itaharibika.

Halafu kuna suala la mtoto mwingine. Kama bado mnataka kuzaa, ahirisha. Mimba mpya italivuta tena titi lililokwisha kuinuliwa, na mkato unaozunguka chuchu unaweza kukata baadhi ya mirija ya maziwa na mishipa ya fahamu. Wengi huweza kunyonyesha baada ya upasuaji, ila hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia hilo.

Kama miezi 6 imepita na matiti yote mawili bado yanatoa maziwa, mwone daktari akupime homoni. Kama ni chuchu moja tu inayotoa majimaji, hasa yenye damu, sahau habari za urembo na nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Hatua ya 2: Simama mbele ya kioo

Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote, na unaweza kukifanya chumbani kwako. Kile cha kuweka penseli chini ya titi kinachosambazwa mitandaoni hakikusaidii sana, maana titi kubwa hushika penseli hata kama halijalala.

Vua sidiria, simama wima, mikono ikining'inia kando, bega moja likielekea kwenye kioo. Chukua rula au kadi ngumu. Iingize chini ya titi mpaka ukingo wake uguse ule mkunjo ambapo titi linaungana na kifua, kisha ishike ilale sawasawa, isiinamie mbele wala nyuma. Usilinyanyue titi kwa mkono. Sasa tazama chuchu iko wapi ukilinganisha na ile rula. Ni rahisi zaidi ukimwomba dada au rafiki unayemwamini akupige picha kwa ubavuni kwa simu yako mwenyewe, kisha uitazame kwa utulivu na kuifuta.

Utaona moja kati ya haya. Huenda chuchu iko juu ya rula lakini nyama ya sehemu ya chini ya titi ndiyo iliyolegea. Hapo chuchu haijashuka. Huenda iko sawa na rula, au imepita kidogo tu: hiyo ni daraja la kwanza la kulala. Ikiwa imeshuka chini ya rula lakini bado inatazama mbele, ni daraja la pili. Ikiwa ipo ncha ya chini kabisa ya titi na inatazama sakafuni, ni daraja la tatu. Mpangilio huu uliandikwa na daktari Paule Regnault mwaka 1976, na ndio ambao daktari wako atautumia hata kama hatautaja.

Chukua pia futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kwenye kishimo kilichopo chini ya koo, kati ya mitulinga, hadi kwenye chuchu, kwa kila upande. Kwa titi la msichana urefu huo mara nyingi huwa kati ya sentimita 19 na 21, ingawa mwenye mwili mrefu huzidi hapo. Andika namba zako. Tofauti ya sentimita moja kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida na wala usiihangaikie. Tofauti kubwa inamaanisha kwamba kila titi huenda likahitaji kazi yake.

Hatua ya 3: Vaa sidiria inayokutosha, kisha jiulize swali moja

Vaa sidiria nzuri, isiyo na sponji, iliyokaa sawa. Vaa blauzi juu yake. Jitazame. Je, ukubwa huo unakuridhisha?

Ukijibu ndiyo, ujazo unao, kilichoondoka ni mahali pake. Wewe ni mtu wa kuinuliwa, na vipandikizi vitakuongezea mzigo ambao hukuuomba. Ukijibu hapana, kwa kuwa sidiria inabaki na nafasi tupu juu na titi linajikunja ndani yake, basi ujazo umepungua kweli.

Ili ujue ujazo gani ungekutosha, jaribu mchele. Chukua soksi laini za nailoni za kike, pima mililita 200 za mchele kwa kikombe cha vipimo, mimina, funga fundo, na ulaze kifurushi hicho ndani ya sidiria juu ya titi lako. Fanya pande zote mbili. Kaa navyo siku nzima: pika, fua, inama ufunge viatu vya mtoto, panda ngazi. Siku ya pili ongeza hadi mililita 300. Kipandikizi cha silikoni cha mililita 300 kina uzito wa karibu gramu 300, kwa hiyo jozi moja inakutundikia zaidi ya nusu kilo kifuani, mchana na usiku. Wapo wanaoupenda uzito huo, na wapo wanaovua zile soksi kabla ya saa sita mchana.

Hatua ya 4: Linganisha uliyoyaona

Chuchu iko juu ya mkunjo au sawa nao, na ujazo umepungua: vipandikizi peke yake vinaweza kutosha. Ngozi iliyolegea kidogo itajazwa.

Chuchu imeshuka chini ya mkunjo na ukubwa unakuridhisha: kuinua peke yake.

Chuchu imeshuka na ujazo pia umekwisha: hapa ndipo wengi wetu baada ya watoto wawili watatu tunapoangukia, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Mwanamke anakwenda akiwa anaogopa makovu ya kuinuliwa, anaambiwa, "Usijali, tutakuwekea kipandikizi kikubwa kitajaza ngozi yote." Kipandikizi hakipandishi chuchu iliyoshuka namna hiyo. Kinakaa juu kifuani, na nyama ya titi inaning'inia mbele yake, ukitazamwa kwa ubavuni unakuwa na vilima viwili, kimoja juu ya kingine. Au kinashuka pamoja na titi, na uzito wake unaendelea kuivuta ngozi ambayo tayari ilikuwa imechoka. Anayekuahidi kuinua daraja la pili au la tatu kwa kipandikizi kikubwa, bila kuondoa ngozi, muage uende zako.

Matiti yako ni makubwa, yamelala, na mgongo na mabega yanauma: hayo ni mambo ya kupunguza matiti, upasuaji unaoinua pia. Usikubali kuuziwa kipandikizi.

Ujazo uliopungua ni kidogo tu: uliza kuhusu kuhamisha mafuta yako mwenyewe kutoka tumboni au mapajani. Ongezeko lake ni dogo, sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili, na pengine utahitaji kurudia, lakini hakuna kitu cha kigeni kinachobaki ndani.

Kuhusu mafuta ya kupaka, vidonge na mashine za kufyonza zinazotangazwa kwamba zinasimamisha matiti, okoa fedha zako. Hakuna cha kupaka kinachofupisha ngozi iliyokwisha kuvutika. Mazoezi ya kifua ni mazuri na hukaza misuli iliyo nyuma ya titi, ila titi lenyewe halina msuli.

Hatua ya 5: Jua unachobeba ukichagua vipandikizi

Vipandikizi vya silikoni viliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 huko Houston, Texas, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Ni kitu kilichotumika kwa muda mrefu na kimechunguzwa sana, na wanawake wengi wanaishi navyo vizuri. Lakini havikutengenezwa vidumu maisha yote. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inaeleza kwamba kwa wanaoviweka kuongeza ukubwa, hadi mmoja kati ya watano huviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Mwanamke wa miaka 30 anayeweka leo ajue kabisa kwamba anajiandikia upasuaji mwingine mbele ya safari, pengine zaidi ya mmoja, na kila mmoja una gharama yake.

Mwili hujenga ukuta wa kovu kukizunguka kitu chochote kigeni. Kwa baadhi ya wanawake ukuta huo hukaza, titi linakuwa gumu, linabadilika umbo na hatimaye kuuma. Madaktari huupima kwa madaraja manne ya Baker. Daraja la tatu na la nne kwa kawaida huhitaji upasuaji tena.

Kipandikizi cha maji ya chumvi kikipasuka utajua, kwa sababu titi litapungua na mwili utafyonza yale maji. Cha silikoni kinaweza kupasuka usijue. Ndiyo maana FDA inashauri kipimo cha altrasaundi au cha MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) miaka 5 hadi 6 baada ya kuweka, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3. Kabla ya kuamua, uliza mji unaoishi una MRI wapi na inagharimu kiasi gani. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi ataipata. Anayeishi Kigoma au Lodwar aweke na nauli kwenye hesabu.

Ipo pia aina ya saratani ya mfumo wa limfu inayohusishwa na vipandikizi, hasa vyenye gamba la mikwaruzo, lisilo laini. Ni nadra, ila ni ya kweli. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni, duniani kote, vipandikizi vyake vya BIOCELL kwa sababu hiyo. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba na kujaa maji miaka mingi baada ya upasuaji, wakati kila kitu kilikuwa kimeshapona. Mwanamke mwenye vipandikizi asipuuzie uvimbe wa namna hiyo, hata kama hauumi. Oktoba 2021 FDA iliweka onyo kali kwenye vipandikizi vyote na kuagiza mgonjwa apitishwe kwenye orodha ya hatari zote kabla ya kusaini, ikiwemo taarifa za wanawake wanaolalamika uchovu, maumivu ya viungo na kusahausahau. Mwombe daktari wako orodha hiyo hata kama yuko Mombasa au Arusha. Kama hajawahi kuisikia, hilo nalo ni jibu.

Na jina la kiwanda ni muhimu. Mwaka 2010 iligundulika Ufaransa kwamba kampuni ya PIP ilikuwa ikijaza vipandikizi kwa silikoni ya viwandani, isiyo ya matibabu, na mwasisi wake Jean-Claude Mas alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Dai kuona boksi lililofungwa, na baada ya upasuaji upewe kadi yenye jina la kiwanda, aina, ukubwa na namba ya utambulisho ya kila upande.

Hatua ya 6: Jua unachobeba ukichagua kuinuliwa

Hapa hakuna kitu kigeni, hakuna cha kubadilisha baada ya miaka kumi. Unacholipa ni makovu.

Kwa titi lililoshuka kidogo, mkato unaweza kuishia kuzunguka lile duara jeusi la chuchu. Likiwa limeshuka zaidi, unaongezwa mstari wa wima kutoka kwenye duara hadi kwenye mkunjo. Likiwa la daraja la tatu, unaongezwa na mstari wa tatu unaofuata mkunjo wenyewe, kwa chini. Daktari anayekuambia atainua titi la daraja la tatu kwa mkato wa duara peke yake anakuficha kitu, kwa kuwa ngozi ile yote haina pa kwenda, na duara litavutika na kuwa pana.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, suala la kovu halihitaji haraka. Keloidi, lile kovu linaloota na kutoka nje ya mipaka ya kidonda, hutupata sisi zaidi, na kifua ni mojawapo ya sehemu linazozipenda. Kwa hiyo jikague kabla hujamwona daktari. Tazama matundu ya masikio: yalipona laini, au pana kigololi? Tazama mahali ulipochanjwa begani. Kama ulijifungua kwa upasuaji, tazama mshono wa tumboni, hasa miisho yake miwili. Kovu lililotulia ni mstari bapa ambao kidole kikipita hakikwami. Kovu la kuogopa limeinuka, linang'aa, linawasha usiku, na limekuwa pana kuliko mkato ulivyokuwa. Uliza na ndugu zako, kwani keloidi huenda katika familia.

Kama unayo dalili, hilo si katazo la moja kwa moja, ila mwambie daktari mwanzoni kabisa. Anaweza kuufupisha mkato wa chini usikaribie katikati ya kifua, akapanga bandeji za silikoni na sindano za dawa ya kulituliza kovu mapema. Na kama keloidi zako ni kubwa na zinarudi kila zikikatwa, mimi ningeiacha habari hii kabisa na kununua sidiria bora. Titi lililolala halitakuwasha miaka kumi. Keloidi inaweza.

Kovu la kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kutulia. Miezi ya kwanza huwa jeusi na gumu kuliko litakavyokuwa baadaye, kwa hiyo usilihukumu mapema.

Jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi: kuinua hakujazi sehemu ya juu ya titi kwa kudumu. Wiki za kwanza juu kutaonekana kumejaa kwa sababu ya uvimbe, kisha nyama hutulia chini kidogo. Kama unachokitamani ni lile tuta la juu linaloonekana kwenye gauni lililokatwa shingo, kuinua peke yake hakutakupa. Chuchu inaweza kufa ganzi, mara nyingi kwa miezi tu, mara chache moja kwa moja. Na titi lililoinuliwa litaendelea kuzeeka pamoja nawe.

Hatua ya 7: Kama unahitaji vyote viwili, usiharakie kwa siku moja

Inawezekana kuinua na kuweka vipandikizi katika upasuaji mmoja, na madaktari wazoefu hufanya hivyo. Lakini kazi hizi mbili zinavutana: kuinua kunakaza ngozi, kipandikizi kinaisukuma ngozi ileile kwa nje, na katikati ipo chuchu inayotegemea mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana kurudi kwenye chumba cha upasuaji kurekebisha ni jambo linalotokea zaidi pale vyote vinapofanywa pamoja.

Ushauri wangu, hasa kwa mwenye daraja la tatu, mwenye kisukari, aliyewahi kuvuta sigara, au asiyejua makovu yake yataponaje: anza na kuinua. Subiri angalau miezi 6. Jitazame upya ukiwa na chuchu mahali pake. Wapo wanaogundua kwamba hawakuhitaji ukubwa wowote wa ziada. Unalipa dawa ya usingizi mara mbili kama utaendelea, hilo ni kweli, na ni mzigo.

Hatua ya 8: Pima saratani kwanza

Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini Kenya, na nchini Tanzania ni ya pili baada ya ile ya shingo ya kizazi. Usikubali kukatwa titi lisilopimwa. Chini ya miaka 40 altrasaundi kwa kawaida hutosha, na ukifika 40 fanya mamografia, yaani eksirei ya matiti. Kama mama au dada yako amewahi kuugua, sema. Hifadhi picha na majibu, maana baada ya upasuaji titi litakuwa na makovu ya ndani na daktari wa picha atahitaji kulinganisha. Mwenye vipandikizi amtaarifu mtaalamu wa mamografia kila mara, kwa sababu kipandikizi huficha sehemu ya titi na kuna namna ya kukisukuma nyuma wakati wa kupiga picha.

Hatua ya 9: Mchague daktari, si ukurasa wake

Anayekufanyia awe bingwa wa upasuaji wa plastiki na urekebishaji. Tanzania, hakiki jina lake kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya, hakiki kwa KMPDC, baraza la madaktari la huko, jina la daktari na leseni ya kituo pia. Mabingwa wengi wa ukanda wetu wamesomea chini ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika. Kumuuliza mtu amesomea wapi si utovu wa adabu. Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo katika kliniki binafsi, na KMPDC ikaifunga kliniki hiyo. Kwa hiyo uliza kuhusu kituo kwa ukali uleule unaomuuliza daktari: nani atanipa dawa ya usingizi, naye ni mtaalamu wa hilo peke yake? Damu ipo? Nikizidiwa saa nane usiku, nitapelekwa wapi, na kwa gari gani?

Kisha umwulize yeye. Ningekuwa dada yako ungenishauri lipi, na kwa nini? Makovu yatapita wapi, nichoree kwa kalamu kwenye ngozi yangu. Nionyeshe picha za wanawake weusi uliowafanyia, za mwaka mmoja baadaye, si za wiki mbili. Nikihitaji marekebisho, nani analipa? Daktari mzuri hachoki na maswali haya, na mara nyingine hukuambia usifanye. Ona madaktari wawili. Wakitofautiana, rudi kwenye kioo na rula uone nani alizungumzia chuchu yako ilipo na nani alizungumzia ukubwa tu.

Wanaofikiria kwenda India au Uturuki waulize jambo moja la ziada: kidonda kikifunguka wiki ya tatu nikiwa nimerudi nyumbani, nani atanihudumia? Pata jina la daktari wa hapa aliyekubali kwa maneno, kabla ya kukata tiketi. Na usipande ndege ya saa nyingi siku chache baada ya upasuaji, kwani damu huganda miguuni.

Bima kwa kawaida hailipi upasuaji wa urembo. Usikope. Na fomu ya ridhaa unaisaini wewe, kwa hiyo hakikisha ni wewe unayetaka. Kama chanzo ni mume kukuita majina au kukulinganisha na mtu mwingine, kaa nalo hilo kwanza, kwa sababu upasuaji hautabadilisha kinywa chake.

Hatua ya 10: Panga nyumba kabla ya tarehe

Kwa wiki 4 hadi 6 hutabeba kitu kizito wala kunyoosha mikono juu ya kichwa. Kwa mama mwenye mtoto mdogo maana yake ni hii: hakuna mbeleko, hakuna kumnyanyua kutoka kitandani, hakuna ndoo ya maji, hakuna kufua kwa mikono, hakuna kuning'inia kwenye bomba la daladala. Tafuta mtu wa kukaa nawe, mama, wifi au dada wa kazi, angalau wiki 2 za mwanzo. Mfundishe mtoto mapema kupanda kochi ili akukumbatie ukiwa umekaa. Acha sigara na shisha wiki 4 au zaidi kabla, maana nikotini hubana mishipa inayolisha chuchu. Mtajie daktari kila dawa unayotumia, ya mitishamba pia. Nunua sidiria mbili za kubana zinazofungwa kwa mbele.

Ukisharudi nyumbani, piga simu bila kungoja asubuhi kama titi moja limevimba haraka na kukaza kuliko jingine, kama una homa, usaha au harufu, kama chuchu imekuwa baridi na inabadilika rangi, au kama mguu mmoja unauma na kuvimba, au pumzi inakata. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja: gusa pande zote mbili, linganisha joto na ugumu, asubuhi na jioni.

Mwenye vipandikizi aipige picha ile kadi, aitume kwa mtu anayemwamini, na aandike kwenye kalenda ya simu mwaka wa kipimo chake cha kwanza.